Nilivyomtoa mtekaji kwenye riwaya yangu ya vijana na hatimaye nikaimaliza

Mwaka mzima na miezi kadhaa nilikuwa na muswada mmoja tu kwenye simu, riwaya ya vijana, watoto wanne wa mtaa mmoja na hatari ambayo hawaioni, na kila nikifika sura ya sita nakwama. Yaani sio kukwama kwa kukosa maneno, maneno yalikuwepo, ila nikisoma nilichoandika moyo haudundi, na hadithi ya taharuki kama haimshtui hata aliyeiandika msomaji itamfanya nini? Naandika hapa nilivyotoka hapo maana najua kuna watu wako kwenye sura yao ya sita sasa hivi.

Ilivyokuwa mwanzo: kuna jamaa anatembea usiku na begi jeusi, ana kovu, hasalimii mtu, na watoto wanaanza kumfuatilia kwa sababu mtoto wa mtaa wa pili amepotea. Nikampa binti wa kaka yangu asome, ana miaka 13 na anasoma kuliko mtu yeyote kwao. Nilikaa pembeni yake nikijifanya nina shughuli zangu, kumbe namwangalia kidole gumba tu. Kurasa mbili za mwanzo kilikuwa kinasukuma skrini taratibu, ya tatu kikaanza kwenda haraka haraka, ya nne kikasimama. Akanirudishia simu. "Shangazi, si ni huyu mwenye kovu?" Nikamwambia ndiyo. "Aah basi, nishajua." Na wala hakusema kwa ubaya, alisema kawaida kabisa kama mtu anakwambia mvua imekatika.

Basi nikabadilisha, mbaya akawa mwalimu mpole, akawa dada muuza vitabu, akawa sijui nani, nimeandika wabaya watano kwenye hadithi moja. Ila shida ilikuwa ile ile, msomaji akishajua kuna mtu mbaya kazi yake inabaki kubahatisha ni nani, na kubahatisha sio kuogopa. Alafu kuna kitu kingine kilikuwa kinaniuma, watoto wanaambiwa kila siku wawaogope watu wasiowajua, sasa na mimi naongezea hapo hapo, wakati hatari nyingi zinazomkuta mtoto ziko pale pale anapolala na kuchezea.

Jibu lilikuja usiku mmoja umeme umekatika. Nimelala gizani nasikia jenereta ya jirani inanguruma nyuma ya ukuta, na nikakumbuka kwamba ile mashine inatoa kaboni monoksaidi. Nikakaa kitandani. Hatari ambayo haina rangi, haina harufu, haina ladha, inapita kwenye ufa wa ukuta na kukukuta umelala, na wala haina nia mbaya na wewe. Nikafuta mtekaji usiku ule ule, sura zote sita, na sikulia hata kidogo.

Hadithi mpya ikawa hivi. Zuhura, Baraka, Tatu na mdogo wao Juma wana stoo moja ya zamani wameifanya kambi yao, wanakaa humo kila jioni na kipaka walichokiokota. Upande wa pili wa ukuta kuna mzee anatengeneza redio, mkali, anajifungia, na usiku kunasikika mngurumo. Watoto wanaanza kuumwa kichwa. Wanaamua mzee anawafanyia kitu.

Sasa hapa ndo nataka nikae kidogo, kwa sababu kilichoniokoa sio wazo lenyewe, ni kwamba nilienda kusoma hii gesi inafanyaje kazi mpaka nikaielewa, na kila nilichoelewa kikanipa sura nyingine bila kulazimisha.

Gesi hii inatoka pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha, mkaa, petroli, gesi ya kupikia, kuni, vyote. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushikana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni, na inaishikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo unapumua vizuri tu, kifua kinapanda kinashuka, ila mwili unakufa njaa ya hewa. Inaanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuchoka, alafu akili inaanza kuchanganyikiwa. Na ukitoka nje unapata nafuu. Hiyo nafuu ndo ilinipa hadithi! Tatu anaumwa kila jioni, asubuhi yuko fiti, anaenda shule anacheka, jioni tena kichwa. Baraka haumwi kabisa, na wenzake wanaanza kumshuku yeye, kumbe ni kwa sababu yeye hukaa mlangoni kwenye upepo. Sikumwambia msomaji kwa nini haumwi, nilimwambia tu amekaa wapi, kila mara, kwenye kila tukio la stoo, nusu sentensi.

Wanaoandika hadithi za watoto mnajua lile swali linalotesa, kwa nini hawawaambii wazazi? Mimi nilikuwa naweka sababu za ajabu, simu imezima, mama kasafiri. Safari hii wakawaambia. Zuhura anamwambia mama yake kabisa kichwa kinauma na anasikia kutapika, mama anaweka kiganja kwenye paji la uso, halina joto, anasema mafua hayo mwanangu, lala mapema. Na mama hajakosea kijinga, dalili za hii gesi zinafanana sana na mafua makali, ila homa hakuna. Lile paji la uso lisilo na joto lilikuwa kidokezo, nimekiweka mbele ya macho ya kila mtu na kikapita. Kile kiganja nakipenda kuliko kitu chochote kwenye kitabu kizima, maana mama anamjali mtoto wake kwa mikono miwili na bado hatari inapita katikati ya vidole.

Nilikosea pia. Kwenye rasimu ya kwanza kipaka "alinusa hatari" akakataa kuingia stoo. Nikajisifu kweli. Alafu nikakumbuka, hii gesi haina harufu, sasa kipaka kanusa nini? Wale kanari, ndege wadogo waliokuwa wanashushwa migodini Uingereza ili wawashtue wachimbaji kama kuna gesi, wazo lililosukumwa na mwanasayansi John Scott Haldane miaka ya 1890 na likaendelea mpaka 1986, hawakuwa wananusa kitu, mwili wao mdogo unapumua haraka na unalewa kabla ya mchimbaji, basi. Kwa hiyo nikaandika upya, kipaka anaingia kama kawaida, anajikunja kwenye koti la Juma, na akiamka miguu ya nyuma inaenda upande. Watoto wanacheka. Juma tu hacheki. Ile ya kwanza ilikuwa uongo mtamu, hii ya pili ni kweli na inatisha mara mbili. Nikafuta pia mashavu mekundu niliyokuwa nimempa Tatu, maana nimesoma ule wekundu kwa mtu aliye hai hauonekani mara nyingi, na sikutaka kijana asome kwangu alafu aje kusubiri wekundu.

Kitu kingine, mwisho. Mwisho wangu ulikuwa daktari anaeleza kurasa tatu nzima gesi ni nini. Kuna padri wa Uingereza anaitwa Ronald Knox aliandika kanuni 10 za hadithi za upelelezi mwaka 1929, na mojawapo inakataza sumu ambazo hazijagunduliwa na vifaa ambavyo mwishoni vitahitaji maelezo marefu ya kisayansi. Nilivyokutana nayo nikajua nimeshikwa. Nikaikata ile hotuba, nikaisambaza vipande vipande huko nyuma kupitia midomo ya watoto wenyewe: Tatu anasimulia habari ya ndege wa migodini kama hadithi ya kutisha usiku, Baraka anashangaa mbona ukuta wa mzee una masizi, Zuhura anaandika kwenye daftari siku na saa za maumivu yake bila kujua anachoandika. Kufika mwishoni daktari ana sentensi moja tu.

Na nilihamisha siri. Hili nalisema kwa msisitizo. Mwanzoni nilitaka msomaji agundue pamoja na watoto, bum, mwishoni. Ila Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za taharuki, alipozungumza na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962 alitoa ule mfano wa bomu chini ya meza, kwamba likilipuka ghafla umempa mtazamaji sekunde 15 za kushtuka, lakini ukimwonyesha bomu kabla, watu wanaongea mambo yao mezani na yeye anataka kupiga kelele, umempa dakika 15. Nikamwonyesha msomaji ufa kwenye sura ya saba. Sentensi mbili: usiku, watoto hawapo, bomba la moshi la jenereta limegeukia ukuta, na kwenye ukuta kuna ufa ambao upande wa pili umefunikwa na picha aliyochora Juma. Kuanzia hapo kila wakiingia stoo na kuuegesha mlango ubaki upenyo tu pale alipokaa Baraka, ili mzee asiwasikie, msomaji anaumia. Mlango ule ule niliokuwa nautaja bila maana tangu sura ya kwanza!

Kilele nilikiandika mara nne. Zuhura anagundua akiwa ndani, daftari liko mkononi, ameunganisha zile saa za maumivu na zile saa za mngurumo, na anapotaka kusimama miguu haimtii. Hii ni kweli, ndo ukatili wa hii gesi, wakati unaelewa unaweza usiwe na nguvu za kufanya lolote na akili yenyewe inateleza. Nimeandika ukurasa mzima wa yeye kutafuta neno "mlango." Analijua, halimjii. Baraka aliyekaa mlangoni ndo anasikia anaongea ovyo na kuwavuta nje mmoja mmoja, yuko hatua mbili tu na mlango ameshausukuma wazi.

Alafu wanakumbuka mzee. Jenereta bado inanguruma na redio imewashwa, ila hajibu. Kwenye rasimu Baraka alibana pumzi akavunja mlango akaingia kama shujaa, na ilikuwa tamu kuandika. Niliifuta kwa mikono yangu. Watu wamekufa hivyo hivyo, mtu anaingia kumtoa mwenzake na wote wanabaki ndani, na mimi naandikia watoto wa miaka 13 ambao watakumbuka alichofanya Baraka kuliko watakavyokumbuka tangazo lolote. Kwa hiyo Baraka anataka kuingia na Zuhura, ambaye hata kusimama hawezi vizuri, anamshika shati kwa nyuma. Wanapiga kelele mtaa mzima unaamka, wanapiga simu ya dharura, watu wazima wanazima ile mashine kutokea nje na kuacha milango wazi, na Baraka amesimama hapo anasikia redio inaimba kwenye chumba ambacho hawezi kuingia. Nilidhani itakuwa baridi. Ni sehemu ambayo kila niliyempa kusoma ameniambia mikono ilitoka jasho, kusubiri kulikuwa kugumu kuliko kukimbia.

Hospitali niliipitia haraka, wanapewa oksijeni, kwa sababu kwa hewa ya kawaida inachukua saa nne mpaka sita gesi kupungua nusu kwenye damu na kwa oksijeni tupu inashuka kama saa moja au moja na nusu hivi. Kitu kimoja tu nilikibakiza kwa sababu kilinitisha mwenyewe: kile kifaa wanachobana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa huku mtu ana sumu, maana hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba hii gesi. Kwa hiyo Tatu anaonekana mzima, wanataka kumrudisha nyumbani, na Zuhura anatoa daftari.

Mzee alipona. Hakuwa anawafanyia kitu, alikuwa anajifungia kwa sababu ya kelele za mtaa, na yeye mwenyewe alikuwa anaumwa kichwa wiki nne akidhani ni uzee.

Nilimpa tena binti wa kaka yangu. Safari hii aliondoka na simu yangu chumbani kwake na sikuiona mpaka usiku, nimekaa sebuleni nasikiliza kimya cha upande ule. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kidogo. Nikasubiri aseme kuhusu mzee, au kuhusu shati la Baraka.

"Shangazi," akasema, "na kipaka je?"

Nikachukua simu nikatafuta. Mara ya mwisho nimemtaja ni sura ya kumi, amejikunja kwenye koti la Juma, ndani ya stoo. Watoto wanne wametoka, mzee ametoka, mtaa mzima umesimama nje, na hakuna aliyemkumbuka, hata mimi. Tukakaa wote wawili kwenye kochi, yeye ameegemea bega langu anaangalia herufi zinavyotokea moja moja, nikarudi mpaka pale Baraka anapomvuta Juma, nikaandika kwamba Juma alikuwa amelishika koti kwa mikono yote miwili na hakukubali kuliachia.