Siku ya pili ya mafunzo, Nkuhungu, Dodoma

Jana tuliwaweka wanaojitolea kuongoza vikundi vya wazazi kuhusu dawa za kulevya wafanye igizo: mmoja kiongozi wa kikundi, wengine wazazi. Baba mmoja, mstaafu, akaanza vizuri kabisa kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" watu wakaitika. Halafu akahubiri dakika ishirini bila kupumua. Mama muuza maandazi aliyekuwa anaigiza mzazi akanyoosha mkono: "Mzee wangu, mimi nimekuta msokoto wa bangi kwenye soksi ya mwanangu. Leo nikifika nyumbani namwambiaje?" Kimya.

Hapo ndipo mafunzo yalipoanza kweli, maana ratiba yangu ya asubuhi (kosa langu) ilijaa majina ya dawa za kulevya na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Mzazi hahitaji kukariri vifungu. Tulitumia saa nzima kwenye ile soksi tu: usimvamie mbele ya wadogo zake, subiri hasira ishuke, muulize kisha nyamaza usikie. Na kama kijana ameshazama kwenye heroini, usimfungie ndani, mpeleke Itega, hapa hapa Dodoma, kwenye huduma ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini.

Mzee alirudia igizo mchana. Safari hii aliuliza swali moja, akakaa. Yule mama akaongea mpaka chai ikapoa.