Sili Mpya Haitoshi: Shokapu za Mbele za Honda CG125 ya Marehemu Baba

Pikipiki aliyoniachia marehemu baba ni Honda CG125 ya mwaka 1981, na kwa miaka mingi ilimpandisha kutoka Mzumbe hadi Mgeta, katika barabara ambayo kiangazi ni vumbi na mawe na masika ni utelezi mtupu. Nilipoirithi, mguu wa kushoto wa shokapu za mbele ulikuwa unavuja oili, na ndani ya miezi 14 gereji moja ilinibadilishia sili, yaani mpira wa duara unaozuia oili isitoke, mara tatu. Kila mara uvujaji ulirudi baada ya wiki chache. Hatimaye nilizifungua mwenyewe, na naandika nilichokikuta kwa sababu naamini wenye pikipiki za umri huu wengi wanamaliza fedha kwenye sili ilhali ugonjwa uko kwenye bomba.

Kila mguu wa shokapu una bomba la chuma lililopakwa kromu, ambalo huteleza ndani ya mguu wa alumini unaobeba ekseli. Ndani ya bomba mna springi ndefu, na chini yake kuna fimbo yenye matundu madogo, iliyofungwa kwa bolti moja inayopenya kitako cha mguu. Gurudumu linapogonga tuta, springi hubeba uzito, lakini kinachoizuia pikipiki isidundedunde ni ile oili inayolazimika kupita taratibu katika matundu hayo. BMW iliuza pikipiki zenye shokapu za namna hii, R12 na R17, tangu mwaka 1935, na bodaboda nyingi za Kichina tunazopanda leo, ambazo injini zake zimeigwa kutoka CG125 hii hii, bado zinazitumia.

Nilisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nikaweka jeki na ubao chini ya injini, kisha nikatoa gurudumu na madigadi. Yapo mambo mawili ambayo hufanywa kabla mguu haujachomolewa, na anayeyasahau atahangaika baadaye. La kwanza ni kulegeza kifuniko cha juu cha bomba wakati bado limeshikwa na klampu ya chini, baada ya kulegeza bolti ya klampu ya juu (klampu ni vile vishikio viwili vinavyobana mabomba karibu na usukani). La pili ni kuilegeza ile bolti ya kitakoni springi ikiwa bado inasukuma, kwa maana springi ikishatoka, fimbo ya ndani huzunguka pamoja na bolti na spana haifanyi kazi yoyote. Kifuniko chenyewe kifunguliwe kwa kukigandamiza kwa kiganja na bila kukiinamia, kwa sababu springi inaweza kukirusha usoni.

Oili iliyotoka ilinieleza mengi. Mguu wa kulia ulitoa mililita 105 na wa kushoto 60, zote nyeusi kama chai ya rangi iliyokaa siku mbili, na kwa harufu yake nilitambua kuwa ni oili ya injini. Hata hivyo jibu lenyewe nililipata kwenye bomba la kushoto. Nililisafisha kwa mafuta ya taa, nikalikausha, nikapitisha ukucha kutoka juu hadi chini, na kwenye sehemu iliyo juu kidogo ya mahali sili inapokaa pikipiki ikiwa imesimama, ukucha ulikwama mara nne. Palikuwa na vishimo vya kutu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, ambavyo macho peke yake yalikuwa yamevipita. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, kingo za vishimo hivyo hukwaruza mdomo wa sili mithili ya kisu, na hapo hata sili bora namna gani haiwezi kudumu.

Kabla ya kushughulikia kutu nililiviringisha bomba juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kwa sababu bomba lililopinda halifai kuhangaikiwa. Halikuwa limepinda. Nilisugua kingo za vishimo kwa msasa wa namba 1000 uliolowanishwa maji, nikavijaza gundi ya epoksi ya vyuma, nikaiacha usiku kucha, kisha nikaisawazisha kwa msasa wa namba 2000, nikisugua kwa kuzunguka bomba wala si kwa urefu wake, maana mikwaruzo ya urefu huwa mifereji ya kupitishia oili. Anayeweza kupata bomba jipya la kweli alinunue. Mimi sikulipata, na kazi hii ya epoksi imeshavuka masika moja.

Sili mpya niliipaka grisi mdomoni na kuipitisha juu ya kipande cha mfuko wa plastiki nilichokivisha kwenye ncha ya bomba, ili ncha hiyo isiikate. Upande wenye springi ndogo ya duara hutazama chini kwenye oili. Niliigonga taratibu hadi mahali pake kwa kipande cha bomba la maji la plastiki chenye kipenyo kinacholingana nayo, kwa sababu bisibisi huipinda na kuiharibu kabla haijaanza kazi.

Kuhusu oili sitaficha msimamo wangu: oili ya injini haifai humu. Ni nzito mno kwa matundu yale, hivyo gurudumu likizama katika shimo huchelewa kurudi juu na hufika kwenye shimo la pili likiwa bado limezama. Kwa shokapu nyingi za miaka hiyo Honda wenyewe walielekeza ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, ambayo hupatikana katika maduka mengi ya spea. Niliipima kwa sirinji, kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo cha mwaka wa pikipiki yangu, sawasawa kila mguu. Kuzidisha ni kosa vilevile, kwa kuwa hewa iliyobaki juu ya oili nayo hufanya kazi kama springi, na nafasi yake ikipungua, shinikizo hupanda na kuisukuma sili nje.

Wakati wa kufunga, niliacha bolti za klampu na nati ya ekseli zikiwa zimelegea kidogo, nikaibonyeza pikipiki mara kadhaa ili miguu yote miwili ijipange sambamba, ndipo nikakaza. Kuna alama nyingine mbili za kutu chini kidogo ya klampu ambazo sikuzijaza, kwa kuwa sili haifiki huko hata gurudumu likididimia kabisa. Nimezipaka grisi na kuvisha mabomba yote mawili mipira ya kuzuia matope, na kila baada ya safari ya Mgeta naivuta mipira hiyo juu kuangalia kama kutu imesogea.