Nywila ambayo hakuna aliyeiuliza

Kwenye laptopu yangu programu ilikuwa inaenda vizuri tu. Ni kitu kidogo cha Python, cha kutunza mauzo na madeni ya duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yangu, Morogoro. Rekodi zake hukaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Nikaihamishia kwenye seva ya Ubuntu (aina ya Linux), nikaiwasha, ikagoma kuingia kwenye hifadhidata:

FATAL: Peer authentication failed for user "mauzo"

Nikabadilisha nywila. Nikaibadilisha tena. Mara ya tatu niliiandika kwenye karatasi, nikainakili herufi kwa herufi. Wapi! Shemeji naye simu haziishi: "Vipi fundi, tayari?" "Bado kidogo, shem."

Kumbe nywila yenyewe haikuwa imeulizwa hata mara moja. Neno peer lilikuwa pale pale kwenye ujumbe, mimi nalipita. Kwa njia hiyo PostgreSQL huiuliza Linux: huyu anayebisha hodi ni nani? Jina lake la Linux likifanana na jina analoombea kuingia, anapita, lisipofanana, anarudishwa. Programu yangu iliendeshwa na mtumiaji wa Linux aitwaye www-data, ikijiita mauzo. Ndiyo maana amri ya sudo -u postgres psql, ya kuingia kama postgres, mkuu wa hifadhidata, huingia bila kuulizwa nywila ya hifadhidata, jambo ambalo miaka yote nilidhani ni uzembe wa waliotengeneza.

Kwenye laptopu, sehemu ya jina la mashine nilikuwa nimeandika localhost, kwa hiyo nilipitia mistari inayoanza na host kwenye pg_hba.conf, faili la PostgreSQL linaloamua nani aingie na kwa njia gani, ile inayodai nywila. Kwenye seva sehemu hiyo niliiacha wazi, nikaangukia kwenye soketi ya ndani (njia ya programu kuongea ndani ya mashine ile ile), yaani mistari ya local.

Basi nikafungua /etc/postgresql/14/main/pg_hba.conf, nikaongeza mwisho kabisa mstari wa kudai nywila, kwa njia iitwayo scram-sha-256:

local mauzo mauzo scram-sha-256

Nikatoa amri ya systemctl reload postgresql, ili faili lisomwe upya. Kosa lile lile. Nilikesha nalo. Kuna wakati niliweka trust, njia isiyouliza chochote, kila palipoandikwa peer, programu ikaingia mara moja, nami nikaona aibu nikaitoa: kwa trust, yeyote aliyemo ndani ya seva anaweza kujiita postgres na akafanya atakalo.

Asubuhi ndipo nilipoelewa kwamba faili hili husomwa toka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Ukikataa, hakuna rufaa kwa unaofuata. Juu ya mstari wangu ulikuwepo local all all peer. Nikaupandisha wangu juu yake.

Sasa likaja password authentication failed. Nilifurahi, maana angalau nywila imeulizwa!

Nywila ilikuwa Saruji%50 (nimeshaibadilisha, usijisumbue), nami niliiweka ndani ya anwani ya muunganisho: postgresql://mauzo:Saruji%50@/mauzo. Kwenye anwani, %50 ni njia ya kuandika herufi P. Siku nzima programu ilikuwa inatuma SarujiP. Nikaandika %25 mahali pa ile alama ya asilimia, ikawa Saruji%2550, ikaingia. Ilikuwa saa tano usiku, shemeji ameshalala.