Daftari la pomboo waliokufa

Pomboo wa kwanza niliyemwandika nilimpima vibaya. Nilikuwa na utepe wa cherehani wa mke wangu, wa mita moja na nusu, nikaulaza juu ya mgongo wake kuanzia mdomoni, nikauhamisha, nikajumlisha kichwani. Baadaye mtafiti mmoja kutoka mjini alilitazama daftari langu akacheka kwa upole. Mgongo una mbinuko, na mzoga uliovimba umebinuka zaidi. Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka, ubavuni mwa mnyama, kutoka ncha ya taya la juu mpaka kwenye kile kijipengo kilicho katikati ya mkia. Mzoga ulishazikwa zamani, kwa hiyo mstari ule bado umo daftarini na alama ya kuuliza pembeni.

Natembeza wageni Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Kijiji chetu kimekula kwa pomboo mara mbili. Mpaka miaka ya 1990 waliwindwa, nyama yao ikawa chambo cha papa, na baba yangu alikuwemo. Kisha wageni wakaanza kuja kuwatazama, na pomboo mmoja aliye hai akawa na faida kuliko chambo cha msimu mzima. Ghuba ya Menai, hii bahari yetu, ikatangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Lakini majarife, nyavu kubwa za kunasia, yaliendelea kutegwa usiku kwa ajili ya jodari na papa, na jarife halichagui.

Mwezi wa Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa Nungwi, kaskazini kabisa. Wataalamu walichunguza, wengine wakasema sumu, wengine mitambo ya sauti ya meli za kivita, na chanzo hakikuthibitishwa. Mimi nilibaki na swali dogo zaidi: kwetu, mwaka wa kawaida usio na waandishi wa habari, wanakufa wangapi? Nilimuuliza bwana diko, msimamizi wa pale samaki wanaposhushwa. Kitabu chake kilikuwa na safu ya changu, ya jodari, ya pweza. Ya pomboo haikuwemo, na hakuwa na sababu ya kuiweka, maana pomboo hauzwi.

Basi nikanunua daftari. Kila bamvua, yaani maji makubwa, yakishatupa yanayotupa, natembea kutoka Mkunguni hadi Dimbani, kwenye vipande vya mchanga vilivyobanwa na majabali. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika siku nilizokuta mzoga tu. Ukifanya hivyo, daftari haliwezi kukwambia kama mwezi mtupu ulikuwa mwezi salama au ni wewe tu ulilala nyumbani. Sasa naandika hata sifuri: tarehe, nimetoka wapi, nimeishia wapi, upepo gani, sikuona kitu. Kurasa nyingi ni sifuri, na mke wangu ananitania kwamba nalipa daftari kwa kuandika hakuna.

Walionisaidia zaidi si wavuvi. Ni kina mama wa mwani na wanaochokoa pweza, maana wao huwa majini maji yakikupwa, kabla ya mbwa na kunguru. Wananitumia ujumbe wa sauti kwa simu: "Mwanangu, kuna kitu kinanuka huku." Niliwaomba mambo mawili tu, wasiguse kwa mikono mitupu, kwa sababu mizoga hii hubeba vijidudu vinavyoweza kumwambukiza mtu, na kama mnyama yu hai wamtandikie kanga iliyoloa bila kuliziba tundu la pumzi juu ya kichwa, wala wasimvute kwa mkia.

Kwa wavuvi mambo yalikuwa magumu. Fomu yangu ya kwanza ilikuwa na swali "sababu ya kifo", na kila niliyemuuliza alijibu, "Amekufa tu." Siku moja mzee mmoja wa jarife alinikazia macho dikoni: "We mwanangu, unaandika mizoga au unaandika majina yetu?" Alikuwa na haki. Kila mtu anajua pomboo amekatazwa, na daftari mkononi mwa mtu anayekula kwa wageni linafanana sana na kesi.

Nililifuta lile swali. Nikaanza kuandika yale tu ambayo jicho linaona, kwa sababu mwili wenyewe husema. Nyuzi za jarife huacha mikwaruzo myembamba kwenye ukingo wa mbele wa mapezi na kuzunguka mdomo. Pezi au mkia uliokatwa kwa kisu maana yake kuna aliyekuwa na haraka ya kumnasua, na tumbo lililopasuliwa kwa mstari safi kuna aliyetaka azame. Ila mzoga uliooza sana hauna ushahidi huo, ngozi imeshatoka. Ndiyo maana naandika pia hali ya mzoga, kutoka 1, ambaye yu hai, mpaka 5, mifupa na ngozi kavu. Namba 4 na 5 siwaulizi habari za nyavu kabisa.

Kichwa hakitupwi, meno yana tabaka zinazohesabiwa kujua umri. Nilipoteza meno ya wawili mchangani kabla sijajifunza kukifunga kichwa ndani ya kipande cha wavu mkuukuu kabla ya kukizika. Najua, wavu tena.

Kuna jambo ninalolirudia kwa kila anayeliomba daftari. Mzoga hauonyeshi pomboo alipofia. Wakati wa kusi maji huleta vya kusini, wakati wa kaskazi pwani yetu huweza kukaa kimya huku wanakufa kulekule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu Ghuba ya Meksiko ulikadiria kwamba kwa wastani mizoga iliyopatikana ilikuwa asilimia 2 tu ya vifo. Siwezi kuichukua namba ile niibandike Menai, bahari ni nyingine. Lakini hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiria pomboo wetu wa kawaida wa kusini kuwa hawafiki 200, na wale wenye nundu mgongoni hawafiki 100. Kwa kundi dogo hivyo, mizoga michache tu ni msiba. Ufaransa walihesabu mizoga ya pwani ya magharibi miaka na miaka, wakakokotoa mikondo, na mwaka 2024 aina fulani za uvuvi zikasimamishwa kwa karibu mwezi mzima, kuanzia Januari 22. Wavuvi wa huko hawakufurahi, na wa kwetu nao wasingefurahi.

Jumla ya daftari langu siiandiki hapa. Niliwaahidi wavuvi itasomwa kwanza kwenye kikao cha kamati yao.

Usiku mmoja wa kusi, baada ya isha, niligongewa mlango. Alikuwa yule mzee. Tukashuka pwani na tochi. Ndani ya mashua yake kulikuwa na pomboo mbichi, mapezi yote mazima, hajakatwa popote. "Andika," akasema. "Jina langu liache."

Nikampima kwa mstari ulionyooka. Nikaandika: hali 2, jike, mita 2.18, anatoa maziwa. Mzee akauliza hilo la mwisho maana yake nini, nikamweleza. Akakaa kwenye ukingo wa mashua kimya. Kisha, bila kuulizwa, akanitajia jarife alilitega wapi, na kwa kina gani.