Mtoto kapewa injinia Marekani lakini hana meja, je masta atapata?

Matokeo ya S6, mtihani wa mwisho wa sekondari Uganda, yakitoka tu, simu yangu haipumziki. Msimu huu watu wananiuliza kitu kimoja: kijana kapata nafasi Marekani, barua inasema injinia lakini haisemi injinia gani, yaani hana meja, ile fani yenyewe ya digrii, sasa hiyo si danganya toto? Na akitaka masta au PhD baadaye si watamuona kama mtu aliyekuwa hajui anachotaka? Mjomba wangu wa Busia ndiye kanibana zaidi maana ni mwanae, na ameshaanza kuulizia bei ya tiketi.

Hofu yao naielewa. Uganda unajaza kozi kabisa, civil, electrical, mechanical, halafu PCM yako (fizikia, kemia na hesabu) inapigiwa weight, masomo ya lazima yanazidishwa kwa 3, yanayofuata kwa 2, ukipita Makerere au Kyambogo unaingia kwenye kozi hiyohiyo na hapo ndipo utakapomalizia. Mtu akikwambia yuko chuo lakini hana kozi, unajua tu huyo hajapata nafasi, anaona aibu kusema.

Huku Marekani vyuo vingine vikubwa vya injinia vimepangwa hivyo makusudi. Purdue wanaoanza injinia wanapitia mwaka wa kwanza wa pamoja, ndio wanagawanywa. Virginia Tech hivyohivyo. Texas A&M nao unaanza injinia ya jumla, halafu unaomba meja kwa gredi zako. Kwa hiyo hao wanaomaliza hapo na kwenda PhD, wengi walianza bila meja, na hakuna anayewashangaa.

Mimi pia niliingia hivyo, umeme nikauchagua baadaye, sasa niko PhD. Nilipoomba hakuna aliyeniuliza kwa nini mwaka wa kwanza sikuwa na meja. Cheti kinaandikwa digrii uliyomaliza. Kamati inasoma transkripti, inasoma barua za maprofesa, inasoma ile insha yako ya unataka kutafiti nini na kwa nini, basi. Hata anayetoka meja moja kwenda nyingine kwenye masta wapo kibao, mechanical anaenda aerospace, labda aongezewe kozi moja mbili.

Pa kuogopa ni kwingine. Mwaka wa kwanza ni kalkulasi, fizikia, kemia na programu za kompyuta kidogo, na wengi wetu tunaotoka PCM tunaingia kwa dharau, tunasema haya nilishayasoma S5, halafu kazi za nyumbani za kila wiki zinahesabiwa na mtu hajazoea, kwetu tulizoea kuja kuua paper ya mwisho. Banange, hapo watu wanaumia! Gredi hizo ndizo zinaamua kama utapata meja unayoitaka maana kompyuta na mechanical zinagombaniwa sana, na ndizo hizohizo zinakaa kwenye GPA yako, wastani wa gredi zako zote, mpaka siku unaomba masta, na shule nyingi za masta wanataka angalau 3.0 kati ya 4 ndio waanze kukusoma vizuri.

Pili ni kuchelewa. Kozi za injinia zinafuatana kama mabehewa, bila kalkulasi ya pili huingii ya tatu, anayetaka kemikali anatakiwa aanze kemia ya oganiki mapema, wa civil na mechanical wanangojewa na statiki, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia. Ukizubaa hadi katikati ya mwaka wa pili unaweza kuongeza semesta nzima, na semesta ya mgeni inalipwa kwa ada ya mgeni.

Halafu barua. PhD nyingi zinataka barua 3, na maombi mengi yanafungwa Desemba ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo profesa awe ameshakujua kabla ya hapo. Wenzetu raia wana zile programu za utafiti za likizo zinazolipwa na NSF, shirika la serikali la kufadhili sayansi, sisi wa viza ya mwanafunzi, F-1, pesa hiyo haituhusu, inabidi ubishe milango mwenyewe. Mimi kazi yangu ya kwanza lebu (maabara) ilikuwa kupanga rezista, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme, kwenye droo, unasoma michirizi ya rangi, kahawia nyeusi nyekundu hiyo ni kilo-ohm moja, unatupia droo yake, jioni nzima macho yanauma. Lakini ndiyo iliyofanya nipewe waya wa kulehemu, kisha mradi mdogo, na barua iliyonipeleka PhD ilitoka humohumo. Na kubisha mlango wa lebu hakuhitaji meja, hata wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa.

Nusu nisahau hii: siku akichagua meja, apite ofisi ya wanafunzi wa kigeni wambadilishie I-20, ile fomu ya chuo inayobeba viza yake. Baada ya kumaliza kuna ile miezi 12 ya kufanya kazi, na 24 ya kuongeza kwa watu wa sayansi na injinia, na hiyo ya kuongeza inaangalia fani iliyosajiliwa ya digrii. Isije ikabaki imeandikwa kitu kingine.

Nilimweleza Mjomba yote haya kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza masta ni bei gani. Nikamwambia masta mara nyingi unajilipia, ila PhD ya injinia kwa kawaida wanakulipia ada na posho juu. "Yaani wanamlipa asome?" Ndiyo Mjomba. "Basi hayo ya masta tuachane nayo, mwambie huyo ndugu yako aanze kutafuta hizo droo."