Ufuo wa Malindi kwa setilaiti: kabla ya kupima, hesabu mwezi

Kumbukumbu zote za Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za dunia, zilifunguliwa bure mwaka 2008, kwa hiyo anayetaka kujua ufuo wa Malindi umesogea kiasi gani hanunui picha hata moja. Fungua akaunti kwenye EarthExplorer, tovuti ya kupakulia picha hizo, andika latitudo na longitudo ya Malindi, -3.217 na 40.117, chagua Landsat Collection 2 Level-2 (picha zilizokwisha kusahihishwa athari za hewa), kisha weka tarehe. Usiwe mkali mno na asilimia ya mawingu. Imehesabiwa kwa picha nzima yenye upana wa kilomita 185, na huenda wingu lote liko bara huku ufuo ukiwa wazi kabisa. Tazama ile picha ndogo ya kuonjesha kwa macho yako kwanza.

Panapoharibika kazi ni kwenye kupwa na kujaa. Landsat 8 na 9 hupita kwetu mnamo saa nne na nusu asubuhi, kila mara. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, saa hiyo maji yamekupwa au yanakaribia. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyohiyo yamejaa. Chukulia ufuo wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 30: maji yakipishana kwa mita 2, ukingo wake unahama mita 60, yaani pikseli (nukta za picha, kila moja mita 30) mbili nzima. Ukiweka picha ya bamvua ya 1987 kando ya picha ya maji mafu ya 2023 utasema bahari imekula ufuo, kumbe ni maji tu yamejaa.

Basi chagua picha zenye umri uleule wa mwezi. Saa ya kupigwa imo kwenye faili la MTL, lile la maelezo linalokuja na picha, mstari wa SCENE_CENTER_TIME, nayo ni ya UTC (saa ya kimataifa), ongeza saa tatu. Usiiruke hatua hii kwa Landsat 5, maana ilikuwa ikipita mapema zaidi.

Ili kutenga maji na mchanga, tumia infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga usioonekana kwa macho ambao maji huumeza yakatoka meusi. Kila aina ya mwanga ina picha yake, iitwayo bendi: bendi 6 kwa Landsat 8 na 9, bendi 5 kwa Landsat 5 na 7. Namba hizi zinawachanganya wengi, kwani bendi 5 ya Landsat 8 ni infraredi ya karibu, na humo matope ya Sabaki, mto unaoingia baharini kaskazini ya Malindi, hung'aa hata mdomo wa mto ukaonekana kama nchi kavu. Picha za Landsat 7 za baada ya 31 Mei 2003 zina michirizi mitupu; sehemu ya katikati tu, upana wa kilomita 22 hivi, ndiyo iliyosalimika.

Kwa matope yenyewe, tovuti ya Worldview ya NASA inatosha, haitaki akaunti, ina picha za kila siku tangu 2000. Linganisha Januari na Julai: kaskazi huyasukuma kusini mpaka Malindi mjini, kusi huyarudisha kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni.