Kuku wa Najjembe

Jumapili iliyopita matangazo ya ndoa ya binti wa kaka yangu yalisomwa kanisani kwa mara ya pili, na jioni ile ile akaja kwangu na swali ambalo shangazi hutarajiwa kuwa na jibu lake tayari: "Shangazi, ukiona kwa mchumba jambo dogo usilolipenda, utajuaje kama ni la kuombea au ni la kukimbia?" Alikuwa ameniletea ndizi za gonja za kuchoma zilizofungwa katika gazeti, na harufu yake ikanifikisha Najjembe, kituo cha wachuuzi katika barabara ya Jinja kwenda Kampala, kabla sijafungua kinywa.

Ulikuwa mwaka 2009. Mimi na mchumba wangu wa wakati ule, mwanakwaya, tulikuwa tukitoka Jinja, tukienda kumweleza mama, ambaye bado aliishi katika kambi ya polisi ya Naguru, Kampala, kwamba tarehe ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, imepatikana. Taksi yetu, basi dogo la abiria, iliposimama Najjembe, katikati ya msitu wa Mabira, wachuuzi waliikimbilia kama kawaida yao, kila dirisha likajaa mikono na vijiti vya nyama. Kijana mmoja, ambaye sidhani alikuwa ametimiza miaka 15, alimpa mchumba wangu vijiti viwili vya kuku. Akavipokea, akanikabidhi kimoja, kisha akaanza kujipapasa polepole, mfuko wa shati, mfuko wa suruali, tena wa shati, ambamo noti ya elfu kumi ilikuwa ikichungulia waziwazi, mpaka dereva akaondoa gari. Kijana akakimbia ubavuni mwetu, mkono mmoja ameshika ukingo wa dirisha na mwingine ameukunjua, akiita, "Ssebo! Ssebo!" Hakutukana. Kandambili moja ikamtoka, akaendelea kukimbia na iliyobaki, kisha akaachia. Nilipogeuka nilimwona anarudi nyuma, anaitafuta barabarani kati ya malori.

"Siku nyingine atadai pesa kwanza," mchumba wangu alisema akicheka. Kisha akavua kofia, akafumba macho na kukiombea chakula kile. Akamshukuru Bwana kwa riziki, akawakumbuka na wasio nacho. Nikasema Amina. Nikala. Kuku alikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi hadi leo.

Wakati ule niliijua kwa ghibu sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na mstari wa 7, unaosema kwamba upendo huvumilia yote, niliusoma kana kwamba uliandikiwa wachumba wanaotaka kufumba macho. Mstari wa 6, unaosema kwamba upendo haufurahii udhalimu, nilikuwa nikiupita kama taksi inavyopita kituo kisicho na abiria.

Ningependa kuandika kwamba nilimwacha siku ile. Hapana. Kwanjula ilifanyika, gomesi zikashonwa, kaka zangu wakamkopesha fedha za biashara ambayo hatukuwahi kuiona, na mwishowe mchungaji alisimamisha matangazo baada ya mwanamke mmoja kutoka Malaba kujitokeza na cheti cha ndoa. Sikuokolewa na busara yangu. Niliokolewa na karatasi ya mtu mwingine. Tena sina hakika kwamba kuku yule alikuwa dalili, au kama nimemfanya dalili baada ya kujua mwisho wa hadithi, kwa maana marehemu baba, kwa kuwa alikuwa askari, hakulipa nauli ya taksi maisha yake yote, na mama aliishi naye kwa amani hadi siku alipomzika.

Haya yote nilimsimulia binti yangu. Nilimwuliza ameona nini kwa huyo wake, naye akawa anakunja gazeti la gonja, akalikunja tena, asinijibu. Matangazo ya tatu yatasomwa Jumapili ijayo.

"Na yule kijana, shangazi," akasema alipokuwa akivaa viatu mlangoni, "ulirudi kumlipa?"

Nimepita Najjembe mara nyingi tangu siku ile. Tukikaribia, huwa nafunga dirisha.